Nyumba ya Mwisho Nyamikoma

Nyumba ya Eufrasia ilikuwa ya mwisho kabisa katika mji mdogo wa Nyamikoma, pale ambapo barabara ya vumbi huishia na ziwa huanza. Ukutani palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII INAUZWA. Marehemu mumewe, Mashimba, aliijenga kwa jasho la pamba, akitarajia kwamba ingejaa wajukuu. Badala yake ilijaa kimya. Watoto walikwisha kutawanyika kama vifaranga vya kanga, na Benedikta, kifungua mimba wake aliyeishi Dodoma, ndiye aliyekata shauri kwamba mama auze, akaishi naye.

Eufrasia hakupinga. Apinge kwa lipi? Upweke ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautemeki. Siku nyingine jua lilichomoza na kuzama bila yeye kusema neno na mtu. Hata kupika alikuwa ameacha, kwani ugali wa mtu mmoja, alisema, hauna ladha. Wanunuzi walikuja, wakagongagonga kuta, wakaondoka bila kumuuliza jina.

Alasiri moja ya masika alifika mzee Mwandu, mfugaji kutoka Lingeka, pamoja na binti yake Kabula, mwalimu aliyepangiwa shule ya msingi ya hapo. Mzee alitaka kumnunulia mwanawe makazi.

"Mwadila, mayu," Kabula alisalimu kwa Kisukuma, akipiga goti.

Mayu! Ni lini mara ya mwisho mtu alimwita mama ana kwa ana? Eufrasia aliitika kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumika.

Mgeni haachwi na njaa. Aliwasha moto, akachemsha sato, akasonga ugali. Wageni walikula, naye akala mpaka akaramba vidole. Kisha aliwatembeza ndani.

"Chumba hiki kilikuwa cha nani, mayu?" Kabula aliuliza.

Hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Alisimulia ndoa, mazishi, watoto walioota meno humo, hata jua likaanza kuzama.

"Nyumba nimeipenda," alisema Mwandu. "Tuzungumze bei."

"Hapana, baba," Kabula alimkatiza kwa upole. "Nyumba yote hii niishi na nani? Mayu akiondoka, mimi nitabaki na kuta. Mayu, nipangishe chumba kimoja, nawe ubaki."

Eufrasia alimpigia mwanawe simu.

"Mtu usiyemjua, mama?" Benedikta alifoka. "Akikuibia je?"

"Aibe nini, mwanangu? Kimya?"

"Haya. Mpaka muhula uishe, kisha tunauza."

Kabula akahamia. Mchana alikuwa shuleni, na saa hizo upweke ulirudi kukaa barazani kama mwenye nyumba. Lakini jioni palikuwa na sauti mbili.

Muhula haujaisha, mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Kabula aliita, hakuitikiwa. Alisukuma mlango, akamkuta Eufrasia anaungua kwa homa, akiweweseka na kumwita Mashimba. Barabara ilikuwa tope tupu, hakuna pikipiki iliyothubutu kupita. Kabula hakungoja msaada. Alimbeba mgongoni, akamfunga kwa kanga kama mtoto, akateleza, akainuka, akasonga mbele mpaka zahanati.

"Malaria imempanda kichwani," tabibu alisema baada ya kumtundikia dripu. "Mngechelewa hadi jioni, tungekuwa tunasema mengine."

Kabula alimpigia Benedikta simu, naye aliposhuka kwenye basi kesho yake, alimkuta Kabula pale zahanati akimnywesha mama uji. Sketi ya Kabula bado ilikuwa na tope lililokaukia. Benedikta akaushika mkono wa yule mgeni, akaulilia.

"Mama," alisema hatimaye, "nyumba hatuuzi."

Eufrasia alimtazama binti wa tumbo lake, ambaye muda si mrefu angerudi Dodoma, na moyo ukamuuma. Kisha akamtazama binti wa kupanga, ambaye jioni angekuwepo. Akafungua kinywa apokee uji. Kweli waliotutangulia hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.