Kilo Ishirini za Fundi Cherehani

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja fundi cherehani aliyejua viuno vya mtaa mzima. Msicheke bado. Alivijua, akavinyamazia. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu; akishakupima, anaandika namba yako, analifunga, basi. Kama mwaka jana ulikuwa thelathini na nne na leo umefika arobaini, hakuambii umefika arobaini. Anakuambia, "Hapa tutaacha nafasi kidogo, upate kupumua." Kina mama, nani kati yenu asingempenda fundi wa namna hiyo?

Yeye mwenyewe alikuwa mnene, mnene hasa, na alijijua. Siku moja sindano ilidondoka sakafuni, akaikanyaga, ikamchoma chini ya kidole gumba cha mguu. Wala hakusikia maumivu ya kutisha. Lakini wiki tatu zikapita kidonda hakifungi, kikaanza kutoa harufu. Akakifunga kitambaa safi, akavaa viatu vya kufunika, akaenda kituo cha afya.

Kituo kile mizani ilikaa koridoni, mbele ya mabenchi ya wagonjwa. Nesi anapima, halafu anamtajia namba karani aliyeko dirishani upande wa pili, naye anaiandika kwenye kadi. Na kwa kuwa koridoni pana kelele, nesi lazima apaze sauti. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyeona ubaya. Yule mama akainama avue viatu.

"Panda navyo tu, mama," nesi akasema. "Kwako viatu havibadilishi kitu."

Akapanda.

"Mia moja na kumi na nane!"

Mtu mmoja benchini akadakia, "Gunia la mahindi na debe juu!" Benchi zima likacheka. Na yule mama naye akacheka, maana ukichekwa mbele za watu utafanya nini? Unacheka nao. Lakini masikio yalimwaka moto, na laiti angeweza angeshuka pale pale arudi kwake.

Akaingia kwa daktari, mlango ukabaki wazi. Daktari aliisoma ile kadi kabla ya kumtazama usoni.

"Mama, mwili wote huu unaupeleka wapi?"

"Daktari, mimi nimekuja kwa ajili ya..."

"Najua. Magoti, mgongo, kuchoka. Yote yanatoka hapa." Akaigonga ile namba kwa kalamu. "Acha wali, acha chapati, acha soda. Pungua kilo ishirini, halafu urudi tuongee. Anayefuata!"

Akatoka. Viatu hakuvivua.

Sasa angalieni alichofanya, maana hapa ndipo moyo unaponiuma. Alitii. Aliacha wali, akaacha chapati, akawa anashinda na chai ya rangi na mchicha. Kila Jumamosi anajifungia chumbani, anajizungushia tepu yake mwenyewe. Kidonda nacho kinazidi. Mumewe akimwambia, "Mke wangu, turudi kituoni," anajibu, "Bado sijafika. Nitarudije nikiwa vilevile? Watasema nini?" Mnasikia, wapendwa? Mgonjwa anaona haya kwenda kwa daktari mpaka kwanza apone!

Mwezi wa tatu tangu siku ile, akaanguka kwenye cherehani. Wakamkimbiza hospitali kubwa, wakamkuta na kisukari, tena cha siku nyingi. Kidole gumba na kile cha pembeni yake vikakatwa.

Mwaka ukapita. Daktari yule yule alikuwa anamwoza binti yake, akaelekezwa kwa mama yule yule amshonee suti. Akaja. Hakumkumbuka hata kidogo. Wateja wanne walikuwa wamekaa wakisubiri. Fundi akamzungushia tepu tumboni. Daktari akavuta pumzi, akalibana tumbo, tumbo likagoma. Akainama akamnong'oneza, "Mama, nakuomba, usiitaje kwa sauti."

"Mimi huwa sitaji, daktari." Akaandika, akafunga daftari.

Alipogeuka, daktari akamwona anachechemea. "Mguu umepatwa na nini, mama?"

Fundi akamjibu kwa sauti ndogo, wale wateja wasisikie. "Kidonda. Nilikuletea. Ukaniambia nirudi nikipungua kilo ishirini. Nilikuwa nimepungua kumi na moja walipokata vidole."

Daktari alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, uso hauinuki.

"Suti unaitaka tarehe ngapi?" fundi akamuuliza, kwa sauti ile ile ndogo.

Simaanishi madaktari wanyamaze. Mwili ukiwa unamuumiza mtu, lazima aambiwe. Ila funga mlango, vuta kiti, muulize kwanza kilichomleta. Hilo ni la madaktari, na wapo humu, wamesikia. Naona mnageuka kuwatazama. Geukeni huku! Aliyesema gunia na debe alikuwa daktari? Waliocheka walikuwa manesi? Benchi lile ni sisi. Ni sisi tunaosalimiana kwa miili: "Eh, umefumuka!" "Shemeji anakulisha nini?" Tunaita utani. Mtu anacheka nasi, tunadhani amefurahi.

Nami sijitoi. Jumapili iliyopita, pale mlangoni, nilimshika mkono mama mmoja nikamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, wewe Kwaresima haijakugusa!" Mlicheka. Naye akacheka. Leo tangu wimbo wa kwanza natazama safu ya tatu, upande wa kina mama, na nafasi yake iko wazi. Ibada ikiisha msinisubiri mlangoni. Nakwenda kwake, kumuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile: alikuwa amekuja na kidonda gani.