Febronia na Maji ya Mlima Kafu

Wamesimulia wasimulizi, na ujuzi wote ni wa Mungu, ya kwamba katika mji wa Darul-Marjani alitawala Sultani Muidhi bin Ghailani, ambaye farasi wake walilishwa zabibu na walinzi wake walijifunga vilemba vya hariri. Na nyuma ya soko la wafua shaba walikaa Manasara wachache, yaani Wakristo, watu wa sala na kazi, na miongoni mwao mjane aitwaye Febronia, mdarizi wa majoho ya jumba la sultani, aliyekuwa na binti mmoja tu, Tabitha, na roho yake yote ilikuwa kwa binti huyo.

Ikasadifu homa kuingia mjini, ikamlaza Tabitha, na siku ileile ikamlaza Sayida Rabwa, binti wa sultani. Febronia akasali hata sauti ikamkauka. Kisha, alipokuwa akifumua pindo la joho kuukuu aliloletewa kutengeneza, ikaanguka pete ya shaba, na alipoifuta kwa kidole sakafu ikatikisika, na mbele yake akasimama jini ambaye kichwa chake kiligusa dari.

"Labeka, bibi yangu," akasema. "Mimi ni Zarkushi, mtumwa wa pete. Amuru."

"Niletee maji ya Mlima Kafu, yale wasemayo watu kwamba yanaponya."

"Bibi, uhai una Mwenyewe, na mimi..."

"Nimekuamuru, sikukutaka shauri."

Jini akainama, akaruka, na kabla uji haujachemka jikoni akarudi na gudulia la bilauri, akalikabidhi, akatoweka. Walakini askari mmoja wa sultani alikuwa amemwona akishuka kutoka mawinguni, na kabla Febronia hajamnywesha mwanawe hata funda moja, askari wakamvamia nyumbani, na walipojua ni maji ya Mlima Kafu wakamnyang'anya gudulia, na yeye mwenyewe wakamburura hadi jumbani, na pete ikabaki katika kikapu cha nyuzi.

Akaanguka kifudifudi mbele ya sultani. "Ewe maulana, nusu yake tu. Binti yangu anakata roho."

Na sultani, ambaye machozi yalikuwa yamemlowesha ndevu, akajibu, "Ewe mwanamke, mimi ni baba kabla sijawa sultani. Sitagawa hata tone."

Rabwa akayanywa yote, na alasiri akaketi kitandani akaomba komamanga. Ndipo Febronia akaachiliwa, na alipofika kwake akakuta majirani wamekwisha kumfunga Tabitha kidevu.

Walipotoka kuzika aliitafuta pete, akaifuta. "Libomoe jumba la Muidhi," akasema, "limwangukie yeye na binti yake."

"Hilo naliweza, na amri ni yako," akasema jini. "Lakini safari hii utanisikiliza kwanza. Maji yale ni maji tu, ya chemchemi kama chemchemi nyingine. Nimewaona watu wakiyanywa na kufa vikombe vikiwa mkononi. Sayida Rabwa amepona kwa kuwa Mola ametaka apone, na Tabitha ametwaliwa na mkono uleule. Sultani hakukuibia kitu ila maji."

Febronia akakaa chini. Alikuwa na mtu wa kumchukia, na sasa hana.

"Bora ungeniacha nimchukie," akasema. "Kwa nini yule, na si wangu?"

"Mimi hubeba milima, bibi. Hilo sikuambiwa."

Akamtupia pete. "Nenda zako, uko huru. Na jumba usiliguse."

Sultani, kwa kuona haya, akamtunuku nyumba ya ghorofa na bustani na watumishi. Na Rabwa alipoozwa mwana wa waziri, mji mzima ukala na kunywa, na joho la bibi arusi alilidarizi Febronia kwa mkono wake, kwani msichana hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumapili akaenda kanisani, na wenzake walipofika penye maneno ya kuyakubali mapenzi ya Mungu, yeye akanyamaza. Walipokwisha kutoka, akabaki, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, ningekuwa na mwingine wa kukushitaki kwake, ningekwenda huko. Sina. Ndiyo maana nimekuja."

Basi na ajue mwenye kusikia: sultani ana mji, jini ana nguvu, na pumzi za watu zina Mwenyewe, ambaye hakumpa Febronia jibu mpaka siku alipozikwa, na mpaka siku hiyo Febronia hakuacha kwenda kumwuliza.