Zimwi Kwenye Tundu la Ufunguo

Wifi yangu Mwanakheri ndiye aliyenisimulia kisa hiki. Sikilizeni.

Zimwi lilibisha kwa Mwatime, aliyejifungia ndani na mwanawe mchanga. "Fungua, mimi mama yako!"

"Mwongo! Mama alikuwa na sauti nyororo."

Zimwi likapuliza kwenye tundu la ufunguo. "Kumbuka vizuri, mjinga wewe. Ilikwaruza!"

Mwatime akakumbuka: ilikwaruza.

"Lakini kucha zake zilikuwa fupi."

Likapuliza. "Kumbuka vizuri. Ndefu!"

Akakumbuka: ndefu.

"Lakini nilimzika."

Likapuliza tena. "Ulizika gunia la pumba."

Akakumbuka pumba, akalia kwa furaha, akafungua. Mtoto hakuonekana tena.

Nami asubuhi baada ya kusimuliwa kisa hiki nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kwa dada yangu. "Dada, marehemu mama alikuwaje? Sema wewe, mimi nitanyamaza."