Glasi Mbili za Bwana Chilongola

Bwana Chilongola, mwenye kiwanda pekee cha mvinyo pale Hombolo, alirudi kutoka Ufaransa na chupa moja na maneno mengi. Mvinyo ule mwekundu, alisema, ulitoka kwenye shamba lililorithiwa vizazi tisa, lenye jumba la mawe na mapipa ya mwaloni. Kisha akamgeukia Nyemo, mkulima jirani yake.

"Ng'oa mizabibu yako. Kiwanda changu hakipokei tena zabibu zisizo na ukoo."

"Sawa, mzee," Nyemo alijibu. "Ila kwanza uonje mvinyo wako na ule niliotengeneza mwenyewe nyumbani, mbele ya wakulima wote. Nitamimina mimi nyuma ya pazia, usione chupa. Ukiutambua mvinyo wako, nang'oa leo hii."

"Ulimi wangu haudanganyiki!"

Glasi mbili zikaletwa. Chilongola akaizungusha ya kwanza, akanusa, akaonja, akafumba macho. "Huu ndio wangu! Nasikia hadi mawe ya lile jumba." Akaonja ya pili, akatema chini. "Na hii siki ni yako. Imekanyagwa kwa miguu yenye magaga."

Nyemo akaweka chupa yake mezani. Kizibo kilikuwa hakijaguswa.

"Glasi zote mbili nimezijaza kutoka kwenye chupa yako, mzee. Vizazi tisa umevitema hapo chini. Sasa zabibu zangu nizilete kiwandani lini?"