Mawe Ndani ya Mvule

Imepokewa kwa wazee wa Bonde, Mola awarehemu, kwamba zama zile reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Tanga kwenda milimani, aliishi mja mmoja mcha Mungu akiitwa Mzee Rajabu Semkiwa. Mali yake yote ilikuwa msitu wa mivule aliourithi kwa babaye. Miaka na miaka msitu ule haukuwa na bei, maana gogo la mvule nani atalibeba mpaka Tanga? Reli ilipopita chini ya kilima, matajiri wakaanza kuja kuulizia.

Mkewe, Bi Mwantumu, macho yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka. Alikuwa na haja moja tu duniani: aione Al-Kaaba kabla giza halijamfunga. Mzee Semkiwa alimpenda mno mkewe, wala hakuona haya kulisema mbele za watu. Akanuia kuuza msitu waende kuhiji.

Akaja tajiri wa mbao kutoka Tanga, Bwana Taibali. Alizunguka msituni kutwa nzima, shingo juu, akisema, "Mashallah! Mashallah!" Bei aliyotaja ilitosha kuwapeleka wote wawili Makka na kuwarudisha. Wakaafikiana waandikiane Ijumaa, baada ya sala.

Sasa lipo jambo ambalo tajiri yule hakulijua. Mvule ukijeruhiwa ungali mchanga, hukifunika kidonda kwa jiwe. Naam, jiwe! Jeupe, gumu, limejificha ndani ya gogo, na kwa nje huoni ila kovu dogo kwenye gome. Msumeno ukikutana nalo, meno yote kwisha. Marehemu babaye alikuwa amemfundisha Mzee Semkiwa kwamba mivule ya upande wa mteremko, tembo walikokuwa wakikwaruza pembe zao, imejaa mawe.

Mzee akanyamaza. Alijiambia, hajaniuliza, na macho anayo. Haya, wewe unayetikisa kichwa hapo ulipokaa, ungekuwa wewe ungesema? Usinijibu upesi. Mfikirie kwanza mkeo.

Ijumaa asubuhi Bi Mwantumu akamletea kanzu aliyoifua, akipapasa ukuta njiani.

"Bwana, umekwisha mweleza yule mgeni habari ya mawe?"

Mzee akajitia kuikunjua kanzu.

"Bwana?"

"Hakuniuliza."

"Ala! Na mimi nitakaposimama mbele ya Nyumba ya Mola wangu, nimwambie nimefikaje?"

"Mwantumu, nikisema, hanunui. Na macho yako hayangoji!"

"Macho haya ni amana Yake, atayachukua atakapo. Lakini kuiona Nyumba Yake kwa fedha ya kumficha mtu, hapana. Heri nisiione."

Mzee Semkiwa akalia. Kisha akavaa kanzu, akaenda kusali, na baada ya sala akamshika mkono Bwana Taibali na kumweleza yote, asibakishe neno.

"Mzee wangu," akasema tajiri, "miaka ishirini nanunua mbao, sijapata kumwona muuzaji anayeiponda mali yake mwenyewe." Akapanda gari moshi, akaenda kununua msitu mwingine kwa mtu mwenye maneno matamu.

Meli ya mahujaji ya mwaka ule ikaondoka bila wao. Bi Mwantumu hakulalamika. Alianza kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi kisimani, apate kuzoea. Mumewe alimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, na moyo ukamkatika.

Mwaka haukutimia, Bwana Taibali akashuka tena stesheni, mkononi ana msumeno usio na meno. Akauweka miguuni mwa mzee.

"Msitu nilioununua ni mawe matupu, na hakuna aliyeniambia. Misumeno yangu imekwisha. Mpasuaji wangu mmoja, chuma kilimruka kikamchana mkono. Mzee, wako una mawe, najua, kwa kuwa uliniambia. Nionyeshe mivule iliyo safi. Nitainunua kwa bei ileile, na mteremko ubaki wako."

Siku tatu Mzee Semkiwa alipita msituni, akitazama makovu, akigonga magogo kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Uliokuwa safi aliutia alama. Aliokuwa na shaka nao aliuacha.

Wakasafiri, alhamdulillahi. Lakini macho hayakungoja kweli. Walipofika Makka, Bi Mwantumu alikuwa hautambui tena uso wa mumewe. Alimjua kwa kikohozi chake tu. Mzee akamwongoza kwa mkono hadi ndani ya Msikiti Mtukufu, akijilaumu kwa mwaka ule uliopotea.

"Unaona, Mwantumu?"

Akauinua uso, akaugeuza polepole huku na huku.

"Naona weupe mwingi, bwana. Na katikati yake pana weusi, umesimama. Ndiyo yenyewe?"

"Wallahi, ndiyo yenyewe!"

"Basi nimeiona." Machozi yakamtiririka naye anacheka. "Nyuso Mola kazichukua, na tundu la sindano kalichukua. Kanibakishia weupe na weusi. Kumbe hivyo tu ndivyo nilivyovihitaji! Usijilaumu, mume wangu. Sikuchelewa hata kidogo."

Akasujudu pale pale, na mumewe kando yake.

Wanasema alirudi nyumbani kipofu kabisa, na kila ilipotajwa Al-Kaaba aligeuza uso kaskazini akatabasamu. Ndugu zangu, sisi macho yetu ni mazima. Tumshukuru aliyetupa, kabla hajatuuliza tuliyaona mawe mangapi tukanyamaza.