Kijiji Kilichohama Bila Kuondoka

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wameshajua kusema na wameanza kujaza fomu, palikuwa na kijiji kikiitwa Mashimoni. Wenyeji wake walikuwa ngiri. Ngiri ni mnyama shupavu, ana meno yaliyopindia juu na mkia unaosimama wima akikimbia. Kazi moja tu ilimshinda: kuchimba shimo. Na ngiri asiye na shimo hana nyumba.

Nyumba zote za Mashimoni zilichimbwa na akina Muhanga, waliotoka ng'ambo ya Mto Mkavu kufuata kazi. Muhanga ana masikio marefu, pua kama bomba na makucha kama majembe. Usiku alichimba, fuku, fuku, fuku. Mchana alilala. Kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyemwona kazini, ikawa rahisi kusema kwamba ni mvivu. Wengine walisema anachapa kazi kupita kiasi, anawanyang'anya wenyeji ajira. Mara nyingi maneno yote mawili yalitoka kwa mnyama mmoja, amesimama mlangoni pa nyumba aliyochimbiwa.

Sasa shikeni jambo hili. Ngiri haingii nyumbani kwake kwa kichwa. Akifika mlangoni hugeuka, akaingia kinyumenyume, makalio mbele, ili meno yake yabaki yanatazama nje. Akitoka, hutoka kwa kichwa. Basi nyayo za mlangoni kwa ngiri, za kuingia na za kutoka, zote hutazama nje. Wenyeji hawakulizungumza jambo hilo, kama ninyi msivyozungumza kwamba mnapumua.

Siku moja, saa sita mchana, jua likiwaka, nyumba ya Mzee Muhanga ilivamiwa. Dari likaangushwa, puu. Mzee Muhanga akapigwa mateke hata sikio moja likachanika. Mkewe akavunjwa mguu wa mbele, ule wa kuchimbia.

Akaja Mtendaji wa kijiji, Bwana Kifaru. Huyu aliletwa Mashimoni kwa uhamisho, kutoka mbali ambako hata yeye hakupakumbuka vizuri. Macho yake yalikuwa mabovu, na kwa sababu hiyo alithamini sana ushahidi wa kuonekana. Nyuma yake alikuja Nguchiro, mwembamba, mdogo kama kiatu, karani wa muda kwa mwaka wa kumi na moja.

"Eleza," alisema Bwana Kifaru.

"Nilikuwa nimelala, Bwana Mtendaji," alisema Mzee Muhanga. "Mlango ukazibwa, kukawa giza. Nikaona kama wanakwenda zao. Lakini kila walivyokwenda zao, walizidi kunikaribia."

"Walikuja au waliondoka?"

"Walikuja wakiondoka."

"Karani, andika: mlalamikaji amechanganyikiwa."

"Ni kweli nimechanganyikiwa," alisema Mzee Muhanga. "Maana mmoja wao alipiga chafya, vumbi lilikuwa jingi. Mimi kwa mazoea nikamwambia, afya, mwana. Akajibu, asante. Kisha akanipiga tena. Tangu hapo nakaa nawaza. Mtu aliyelelewa akajua kusema asante, mimi nilimkosea nini?"

Bwana Kifaru hakuwa na fomu ya swali hilo. Aliinamisha pua hadi chini, akakagua moja moja nyayo za mlangoni, zilizokuwa zimeshazifuta za Muhanga mwenyewe.

"Zote zinatoka," alisema. "Hakuna hata moja inayoingia."

Balozi Ngiri, kiongozi wa wenyeji, alikohoa kidogo. "Basi hakuna aliyeingia, mkubwa."

"Hakuna aliyeingia. Kwa hiyo Muhanga amejipiga mwenyewe, akamvunja mkewe, akabomoa jengo bila kibali. Mgeni wa namna hiyo ni hatari. Aondoke kijijini kabla jua halijazama."

"Mke wangu hawezi kutembea," alisema Mzee Muhanga.

"Maombi ya kutoweza kutembea hupokelewa siku za Jumanne," alisema Bwana Kifaru, naye hakusema kwa ubaya. Ndivyo kanuni ilivyokuwa.

Nguchiro aliwajua ngiri na milango yao. Lakini Kanuni ya Nne ilisema wazi: ushahidi wa karani si ushahidi. Lazima mwenyeji aseme kwa kinywa chake. Na wenyeji siku hiyo walikuwa wanatazama mawingu.

Wageni wengine waliposikia amri hiyo, kijiji kikaanza kuvurugika. Nungunungu, fundi wa kusafisha visima, alifunga mizigo na wanawe na kuondoka bila kuaga. Kakakuona, mpiga lipu, alijikunja akawa kama mpira, akakataa kukunjuka. Mama mmoja wa kingiri alikuja mbio, dari lake limepasuka na mvua inanukia, akawa anambingirisha Kakakuona huku na huku.

"Baba Kakakuona, ni mimi, jirani."

"Hata Mzee Muhanga alikuwa jirani," ilitoka sauti ndani ya mpira.

Mama yule akasimama pale, hajui amkasirikie nani.

Nguchiro akamfuata Bwana Kifaru. "Mkubwa, amri yako ni safi. Ila hati ya kumwondoa mgeni huambatanishwa na orodha ya wenyeji. Bila orodha, makao makuu watairudisha."

Bwana Kifaru akasisimka. Jambo pekee aliloliogopa duniani ni kitu kurudishwa na makao makuu. "Tufanye orodha. Mlango kwa mlango."

"Kwa kipimo kilekile cha nyayo, mkubwa?"

"Serikali ina kipimo kimoja tu."

Wakaenda nyumba ya kwanza. Bwana Kifaru akainamisha pua. "Zinatoka. Hakuna inayoingia."

"Niandikeje, mkubwa?"

"Andika: amehama."

Nyumba ya pili, amehama. Ya tatu, amehama na watoto wanne. Wenyeji wakawa wanafuata nyuma, kundi zima, wakitikisa masikio. Walipomaliza nyumba ya mwisho, ya Balozi Ngiri, Bwana Kifaru alifuta pua yake.

"Nasikitika kutangaza," alisema, "kwamba Mashimoni haina mwenyeji hata mmoja. Wote wamehama."

"Mkubwa," alisema Balozi Ngiri, "sisi tupo hapa."

"Ninyi ni akina nani?"

"Wenyeji."

"Wenyeji wamehama. Nyayo zao zimetoka, hazikurudi. Nyie mmekutwa katika makazi ya wenyewe. Karani, hawa tunawaitaje?"

"Wavamizi, mkubwa," alisema Nguchiro, hakuinua macho. "Wasio na hati. Kabla jua halijazama, kama yule mwingine."

Ikawa vurugu. Ngiri mmoja alijipapasa usoni kuhakikisha ni yeye. Mwingine alimuuliza mkewe kama wanakumbuka kuhama.

"Mimi nimezaliwa shimo hili," alisema Balozi Ngiri.

"Muhanga naye alisema mengi," alijibu Bwana Kifaru. "Nyayo hazisemi mengi."

"Mkubwa, huo ushahidi wa nyayo haufai. Unapotosha."

"Haufai?" aliuliza Nguchiro kwa upole. "Mchana ulifaa, Balozi. Au kuna namna ya kuingia nyumbani huku nyayo zinatoka? Mimi karani tu, akili yangu ndogo. Ungetuonyesha."

Jua lilikuwa limeshakaa juu ya vichaka. Balozi Ngiri alitazama nyumba yake, akatazama barabara ya kwenda kusikojulikana. Kisha akageuka, akatanguliza makalio, akarudi nyuma hatua kwa hatua, bru, bru, bru, mpaka akaingia mwili mzima. Likabaki lile domo na meno mawili yakitazama nje.

"Umeona, mkubwa?" alisema kwa fahari. "Nimeingia. Tazama nyayo. Ndivyo tunavyoingia ngiri wote. Nyumba yoyote."

"Nyumba yoyote," alirudia Nguchiro, akiandika taratibu.

Vumbi lilitimka mlangoni. Balozi Ngiri akakunja pua, akajizuia, akashindwa.

"Chaaa!"

"Afya, mwana," alisema Mzee Muhanga, aliyekuwa amekaa kando na mkewe na mzigo wao.

"Asante," alijibu Balozi Ngiri.



Mzee Muhanga alisimama polepole, sikio lake lililochanika likining'inia. Akakaribia mlango.

"Ni wewe, Balozi? Mlango huu niliupanua usiku mbili, kwa sababu meno yako yalikuwa yanakwama."

Balozi Ngiri hakuweza kutoka, maana nje walisimama wote. Hakuweza kurudi nyuma zaidi, maana shimo lilikuwa limekwisha. Vijana wanne waliokwenda naye mchana ule walitazama chini, wakaanza kutajana bila kuulizwa.

Bwana Kifaru aliichana ile hati, akaomba fomu ya kufuta wahamaji waliokuwepo. Haikuwepo, akaichora mwenyewe. Balozi na vijana wake wakahukumiwa kumjengea upya Mzee Muhanga, kwa meno yao. Masika yote walichimba, na walipata shimo la kutosha kuku mmoja, akiwa amesimama.

Mzee Muhanga alibaki mpaka mguu wa mkewe ulipopona. Baada ya hapo aliondoka naye, na hakuna ajuaye alisema nini moyoni. Nungunungu hakurudi, na maji ya kisima cha Mashimoni yananuka mpaka leo. Kakakuona alikunjuka, lakini akisikia mtu anasema asante, hujikunja tena.

Hadithi imefika mlangoni, na imeingia kwa kichwa. Funzo lake ni hili: uongo uliotungwa ili kumfukuza mgeni hautajua kumwepuka mwenyeji.