Zawadi ya Mikono Miwili

— Nina kisa mdomoni!
— Kiteme tukione!
— Ni kidogo, kinapita kwenye tundu la sindano!
— Hicho hicho, lete!

Haya. Hapo kale, kale ya juzi tu, kiwanda cha rangi kilimwaga uchafu wake kwenye kijito cha Nyamatope. Ndani ya uchafu ule likatoka zimwi. Zimwi lenyewe lilikuwa ndugu sita walioshikana mikono wakafanya duara, wala hawakuachana hata wakilala. Kaka mkubwa alikuwa na jino moja kali, na jino hilo liliitwa Florini. Walinyakua kila kilichopita, huku wakiimba: "Tumeshikana, hatuachani! Chako changu, changu changu!"

Maji yakanuka. Chura Bi Mashavu akahama, akaenda kukaa kwenye kidimbwi cha unyayo wa ng'ombe, juu ukingoni. Tumbo lake lilijaa mayai, na kidimbwi kile kilikuwa kinakauka. Kila jioni aliimba: "Kwetu majini, krooo, nitarudi lini, krooo?"

Chini topeni aliishi bakteria mmoja, Kitone. Mdogo! Ukimwita mdogo umemkuza. Tangu azaliwe alilala kwa sauti ya Bi Mashavu, jirani yake. Sasa sauti ilitoka mbali, na usingizi hakuupata. Alimkumbuka jirani yake mpaka akakonda, na sijui bakteria hukondea wapi.

Kaa alijaribu kwanza. Akalibana zimwi, kwaa! Florini akauma, ka! Gando moja likakatika. Kambale naye akajaribu. Akalimeza, gluu! Florini akauma, ka! Kambale akalitapika, akashinda analia.

Ndipo Kitone akaenda, na mapovu mawili ya hewa mgongoni.

"Hodi, kaka zangu."

"Nani huyo? Mbona hatukuoni?"

"Mtu mdogo tu. Nimewaletea zawadi. Hewa safi, ya huko juu kabisa."

Ndugu sita wakameza mate.

"Weka hapo begani," akasema kaka mkubwa. "Sisi hatuachani."

"Begani?" Kitone akashangaa. "Mtu mzima, mwenye kwao, apokee zawadi kwa bega? Basi nawapelekea konokono. Wale mikono hawana, lakini adabu wanayo."

"Ngoja! Chako changu!"

Kaka mkubwa akaachia mikono yote miwili, akapiga goti, akapokea povu la kwanza. Mdogo wake akaachia naye, akapokea la pili. Duara likafunguka, chwaaa! Fizi za kaka mkubwa zikalegea. "Ahsan—" Florini akadondoka, tii! Akazama kwenye tope, akawa punje ya chumvi.

"Tushikane!" wakalia. Washikane na nini? Mikono imejaa zawadi.

Kitone akaanzia mkiani, nyam! Akasogea, nyam! Akaita jamaa zake, nyam nyam nyam, mpaka vikabaki viputo na maji.

Bi Mashavu akasikia harufu ya kwao. Akaruka, tapu, tapu, akaingia majini akilia kwa furaha. Akataga siku ile ile.

"Nani amenirudisha kwetu?" akauliza. "Ajitokeze nimshukuru."

"Ni mimi!" Kitone akapiga kelele. "Niko hapa, kwenye kidole chako cha mguu!"

Bi Mashavu akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuona mtu. Kaa akakohoa, akainua gando lililobaki.

"Kumbe ni wewe, mwanangu!"

Tangu hapo, kila jioni Bi Mashavu humwimbia Kaa. Na kila jioni Kitone hujilaza karibu na kidole kile, akasikiliza. Sauti imerudi, usingizi umerudi, ila jina lake halimo kwenye wimbo, na hilo linamuuma.

— Kisa nimekizika topeni!
— Kilale salama!

Funzo ni hili, watoto: mkipewa zawadi, pokeeni kwa mikono miwili. Na mkitaka kuimbiwa, zaliweni na gando.